Asante Mpe Mgeni

Kwetu Tandika neno asante lilikuwa karibu na tusi. Najua mtu aliyelelewa kwingine atashangaa. Katika nyumba za wenzetu mtoto akipewa andazi akakaa kimya, anafinywa sikio mpaka aseme. Kwetu aliyesema ndiye aliyegombezwa, na mwenye sheria hiyo alikuwa baba.

Baba yangu alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa Keko, kibanda cha mabati kilichobanwa na vibanda vingine vya mabati, na vumbi la mbao lilituganda mpaka kwenye kope. Wenzake wakishaunganisha mbao, yeye ndiye aliyevisha: anapanga sponji, anavuta kitambaa, anapigilia. Misumari midogo ya kazi hiyo aliitia mdomoni, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku nyundo ikiendelea. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuongea na baba mchana alijibiwa kwa nyusi. Hata nyumbani, mdomo ukiwa mtupu, aliongea kidogo kidogo, na kwa tahadhari, utadhani bado anaogopa kumeza kitu.

Nilikuwa darasa la pili nilipoijua sheria yake. Mwalimu wetu, mama mmoja wa bara aliyeipenda sana adabu, alikuwa ametufundisha kwamba mtoto mwenye malezi mema hupokea kwa mikono miwili na kusema asante. Baba alinipitia shuleni tukaenda karakanani, na huko akanitolea viatu vyeusi vipya kwenye mfuko wa rambo. Nikavipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama tulivyoonyeshwa, nikasema, "Asante, baba."

Nyundo ikasimama. Baba akaanza kutoa misumari mdomoni, akaipanga juu ya ubao, nami nikasimama nikisubiri. Nilijua mtu hatoi misumari yote kwa jambo dogo.

"Asante ya nini?" akauliza. "Kwani nimekuazima?"

"Hapana, baba."

"Asante mpe mgeni. Mgeni ndio anashukuru, maana kapewa kisichokuwa haki yake. We mgeni kwetu?"

"Hapana."

"Basi vaa viatu vyako, mama."

Nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo aliniita mama tangu nikiwa mchanga. Akairudisha misumari mdomoni haraka haraka, akanipa mgongo. Nilivaa viatu nikilia, mafundi wenzake wakanicheka. Nilimchukia mwalimu wangu, na baba, na viatu vyenyewe, mpaka tulipofika nyumbani na watoto wa jirani wakaviona.

Ndani ya nyumba neno lile lilikuwa na kazi moja tu. Baba akiwa amemkasirikia mama hakufoka. Alikula, akanawa, akasema kwa upole, "Asante, chakula kizuri." Mama uso ukamshuka. Akaenda jikoni akaanza kuyauliza masufuria, "Nimefanya nini tena mie?" Kesho yake alipika samaki wa nazi, akamwekea, akakaa pembeni ya mkeka akimtazama anavyotafuna. Baba akimaliza akasema, "Leo chumvi imekuzidi mkono," mama alipumua. Siku hiyo ungemsikia anaimba uani. Malalamiko ndiyo yalikuwa amani ya nyumba yetu, na ukitaka kujua nimetoka na tabia gani, waulize niliowahi kufanya nao kazi.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na sisi wa nyumba ya fundi makochi tulikalia mkeka. Makochi yalikuwepo sebuleni, seti nzima, baba aliyavisha mwenyewe alipooa: kitambaa cha rangi ya damu ya mzee chenye maua, na juu ya kila mgongo kitambaa cheupe alichofuma mama. Lakini yalikuwa ya wageni. Ole wako ukutwe umeyakalia. Nilipokuwa mdogo nilidhani mgeni ni cheo, kwa jinsi alivyokalishwa mahali ambapo hata mwenye nyumba hakai. Nilipokua ndiyo nikaelewa kwamba baba aliwaonea huruma. Aliniambia mara moja, katika siku zake za kuongea, kwamba mgeni akikaa hajisikii kuegemea, ndiyo maana lazima umwekee kitu laini.

Mama alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Shangazi yangu, mdogo wake baba, anayekaa mtaa wa pili, alikuja na kanga mbili begani akasema atanichukua, maana mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanaume peke yake. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Atakaa kwao." Basi.

Akanilea. Jumamosi alinipeleka kwa msusi, akakaa kwenye benchi katikati ya kina mama mpaka wakamsahau na kuanza kuwasema waume zao mbele yake. Hakucheka, hakuinua macho. Begi langu la shule lilipochanika alinishonea lingine kwa mabaki ya kitambaa cha kochi. Wasichana wenzangu wakaniita Kochi mpaka tulipomaliza shule. Nililichukia begi lile kwa moyo wote, nalo likakataa kuchakaa. Lipo mpaka leo, natunzia pasi.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyorudi kutoka Kinondoni. Nilikuwa nimeolewa huko, na ndoa ilikuwa imefika mwisho wake. Sitaeleza sababu. Aliyeachwa na aliyeacha kila mmoja ana hadithi yake, na majirani wana ya tatu. Nilirudi na vitu vyangu kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mchana kweupe, kina mama wote wakiwa barazani wanajifanya wanachambua mchele. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Si ungepiga simu nikanunua maziwa? Chai ya rangi ipo."

Nikaingia chumbani kwangu. Miaka yote niliyokuwa nimeolewa alikuwa anakitumia chumba kile kuwekea sponji na majora ya vitambaa. Nilikikuta kitupu, kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka. Shangazi aliniambia baadaye kwamba baba alivihamisha vitu vyake tangu Ramadhani, nilipokuja kufuturu peke yangu siku mbili zilizofuatana. Hakuniuliza kitu wakati ule. Aliondoka tu akaanza kubeba sponji. Na jirani mmoja alipomuuliza kulikoni binti amerudi, alimjibu, "Karudi kwao. Mtu akirudi kwao anaulizwa?"

Jioni ile nilikaa kwenye mkeka na kikombe mkononi, na neno lile, asante, likanijaa kifuani. Ningelisema ningemtia simanzi. Angefikiri ndoa imenigeuza mgeni. Basi nikanywa funda moja nikasema, "Baba, chai haina tangawizi."

"Tangawizi imeisha," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka kwa raha.

Tuliishi hivyo miaka mingi, yeye na mimi. Nilipata kazi Kurasini, ukarani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kazi ya kugombana na madereva wa malori kutwa nzima, ambayo kwa mtu wa tabia yangu ni riziki halali. Magoti ya baba yakachoka, akaacha kwenda Keko, akawa mtu wa barazani na msikitini.

Asante ya kwanza ilikuja asubuhi, juu ya kikombe cha uji. Nilimkabidhi kama kila siku, nikageuka niwahi kazini, nikasikia nyuma yangu, "Asante."

Nilisimama na mkoba begani. Nikamtazama, naye alikuwa anapuliza uji wake kwa utulivu. Njia nzima mpaka Kurasini niliyapekua makosa yangu. Labda ni pazia nililobadilisha bila kumuuliza. Labda nilimjibu vibaya juzi aliponiita nikiwa kwenye simu. Jioni nikarudi na samaki, nikampikia wa nazi kama alivyokuwa akifanya marehemu mama. Akala wote. Akanawa. "Asante sana," akasema, "chakula kizuri."

Nikampigia shangazi. Akaja amevimba.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Sijamfanya kitu, shangazi. Wallahi."

"Haiwezekani. Mie namjua. Huyu hakasirikagi hivihivi." Akachukua glasi ya maji, akampelekea yeye mwenyewe kuonyesha kwamba yeye hana kosa. Baba akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, dada," akasema.

Shangazi akarudi jikoni mikono kiunoni. "Na mie?" akanong'ona. "Mie nimefanya nini tena?"

Leo naweza kucheka. Wakati ule hatukucheka. Tulipika pilau, tukapika maharage ya nazi anayoyapenda, na kila tulichoweka mbele yake alikimaliza na kukishukuru. Kadiri tulivyojitahidi ndivyo alivyozidi kuwa na adabu, na kadiri alivyozidi kuwa na adabu ndivyo sisi tulivyozidi kuumia. Tulipishana kauli sisi kwa sisi, kila mmoja akimtaja mwenzake kuwa ndiye mkosaji. Mwisho shangazi akasema liwalo na liwe, tukamwombe msamaha. Tukaenda tukakaa chini mbele yake, mtu mzima na mtu mzima mwenzake, tumejifunga kanga.

"Baba," nikasema, "kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

Akatutazama kwa zamu. Akaonekana ana aibu kwa ajili yetu.

"Inukeni, inukeni," akasema. "Nyie hamjanikosea kitu. Tangu nimekuja hapa mmenikirimu vizuri mno."

Shangazi alinishika mkono, akaufinya mpaka nikahisi kucha. "Huyu hajakasirika," akasema taratibu. "Huyu hajui sisi ni nani."

Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimuuliza habari za zamani, baba akajibu vizuri, karakana ya Keko mpaka majina ya mafundi. Kisha akaninyooshea mkono. "Na huyu ni nani, mzee?"

Baba akanitazama kwa heshima. "Huyu ni mtu mwema," akasema. "Watu wake wamepata mtoto."

Daktari akanieleza mimi baadaye, nje, kwamba ugonjwa ule haurudi nyuma. Unaweza kwenda polepole, na siku nyingine akili inaweza kumrudia kidogo, lakini njia yake ni moja. Nilimshukuru, tukaondoka. Kwenye bajaji baba aliuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia nyumbani. Akasema nyumbani kwa nani. Nikageuza uso upande wa barabara, nikalia huku yeye akinipapasa bega na kusema pole, dada, kila jambo hupita.

Hapo ndipo niliposhikwa na tamaa ya kumshukuru baba yangu. Sikuwahi kuwa nayo. Kwetu haikuwa desturi, na mtu halii kwa kukosa asichokijua. Lakini sasa nilitaka ajue, kabla hajaondoka kabisa, kwamba niliona: chumba kilichofagiliwa, benchi la msusi, begi. Nilitaka aniangalie anijue, nimwambie, asikie. Na hilo ndilo nisingeweza kulipata. Siku anayonijua, asante yangu kwake ni tusi. Siku asiyonijua, ni neno la mpita njia. Nilizunguka nalo kifuani miezi na miezi, na Kurasini madereva walinikimbia.

Siku ilifika, Jumapili moja asubuhi. Nilimpelekea chai. Akanywa, akakunja uso.

"Chai gani hii, mama? Umesuuzia vikombe?"

Nusura niangushe sinia. Mama! Nilikaa chini palepale.

"Baba."

"Nini?"

"Nataka kukuambia neno."

"Sema."

Nikamtazama. Alikuwa yeye, na nyusi zake. Neno likanipanda mpaka kwenye meno, nikakumbuka viatu vyeusi.

"Unasafiri?" akauliza.

"Hapana."

"Unaolewa?"

"Hapana, baba! Nani kakwambia?"

"Basi lete sukari, usinikalie na uso huo."

Nikaenda jikoni. Huko, mbele ya kopo la sukari, nikaamua: nitasema, na anigombeze. Akinigombeza ndiyo vizuri, nitakuwa nimemsikia akinigombeza. Nikajikaza, nikarudi, nikaweka sukari mbele yake. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Wenyeji wako wapi leo, mbona siwaoni?"

Mzee wa kwetu humwita mwanangu hata konda, hata muuza karanga. Nikamwambia wenyeji wametoka kidogo. Nikakaa naye mpaka akamaliza chai.

Baada ya hapo alikuwa mgeni kabisa. Aliacha mkeka. Alikaa kwenye kochi lake mwenyewe, kwenye ukingo, mikono magotini, bila kuegemea. Alipitisha kidole kwenye mshono akasema fundi wa kochi hili alikuwa na mkono mzuri. Nikamwambia fundi wake yuko Keko. "Ndio zao hizo, watu wa Keko," akasema, akaridhika.

Mchana alishinda na shangazi, na kila jioni nikisharudi kutoka kazini aliinuka. "Basi, mie niage."

Mwanzoni nilimzuia. Nilisimama mlangoni nikamwambia, baba, hapa ndiyo kwako, unakwenda wapi? Aliogopa. Alinisihi, "Dada, nimeshakaa sana. Mke wangu ananisubiri, atanuna." Siku moja tulivutana mpaka akalia, mzee mzima, na mimi nikalia, na shangazi akatukuta hivyo.

"Mgeni hazuiwi," shangazi akanikemea. "Akiaga, anasindikizwa. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Kwetu mgeni haachiwi mlango akaondoka zake. Unatoka naye, mnatembea, mnaongea habari za mwisho mwisho, mpaka njia panda, na hapo ndipo anapokwambia rudi sasa inatosha. Basi nikawa namsindikiza baba yangu. Tulitoka mlango wa mbele, nimemshika mkono, tukapita msikitini, tukapita kwenye genge la mboga na kwa fundi baiskeli, mpaka kwenye transfoma. Hapo tuliingia uchochoro mwingine unaorudi nyuma ya nyumba yetu. Tukifika mlango wa uani nilimwacha nje, nikatangulia ndani.

"Hodi," aliita.

"Karibu," niliitikia. "Karibu ndani, baba."

Siku nyingine aliingia akaona vitambaa vya mama, akashusha pumzi, akajua amefika kwake. Siku nyingine alikuwa amefika tu kwa watu wengine tena, nao pia aliwashukuru. Majirani walizoea kutuona. Wenye huruma walinisalimia mimi, wenye busara walimsalimia yeye.

Nakumbuka jioni moja mvua ilikuwa imekatika mchana, njia imejaa madimbwi. Tulitembea taratibu. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini moja kwa moja sijavua hata viatu vya ofisini. Tulipofika kwa fundi baiskeli nikamuuliza swali ambalo siku zote nililiogopa.

"Mzee, na wewe una watoto?"

"Ninaye," akasema. "Mmoja tu, wa kike. Nimempa jina la mama yangu."

"Anakujali?"

Akacheka. Kicheko chake cha puani. Nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

"Yule? Yule hana shukrani hata chembe. Nimemlea mwenyewe mama yake alipoondoka. Kaolewa, karudi. Asante yake sijaisikia. Ukimpa chai anakwambia haina tangawizi."

Mbele yetu palikuwa na dimbwi. Yeye akaruka dimbwi kwa shida, akanigeukia akaninyooshea mkono ili na mimi nivuke.

"Siku moja alijaribu," akaendelea. "Alikuwa mdogo, hivi. Kapiga na goti kabisa. Nikamkanya, nikamwambia asante mpe mgeni. Akalia, maskini. Na mie nikarudisha misumari mdomoni haraka, nisije nikalia mbele ya mafundi."

"Kwa nini ulie, mzee?"

"We huna mtoto, ndio maana unauliza." Akatembea kidogo. "Hajarudia tena. Kanielewa. Anakula, anavaa, analalamika, hashukuru. Mtoto wa ndani kabisa yule. Sina wasiwasi naye."

"Yuko wapi sasa?"

"Kazini, Kurasini. Sijui kwa nini leo kachelewa hivi." Akatazama huku na huku, akapata wasiwasi. "Ukimwona mwambie asipite njia ya madimbwi, ataharibu viatu."

"Nitamwambia," nikasema.

Tulipofika mlango wa uani alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanishukuru kwa kumsindikiza, akaniombea kwa Mungu nipate watoto wema. Nikatangulia ndani. "Hodi," akaita, nami nikaitikia karibu ndani, baba.

Alifariki masika yaliyofuata, asubuhi, kitandani kwake, shangazi yuko upande mmoja na mimi upande wa pili. Hakusema neno la mwisho. Watu huniuliza, nami huwaambia hakusema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wanaume walimwosha na kumvisha sanda. Kabla hawajamtoa, sisi wanawake wa nyumba tuliitwa kumuaga. Chumba kilinuka udi na karafuu maiti. Mama mmoja wa msikitini, mtu mzuri, aliyekuwa anatuongoza, alinishika bega akanisogeza.

"Muage baba yako, mwanangu. Kakulea peke yake, mtaa mzima unajua. Mwambie asante."

Nikainama. Uso wake ulikuwa umefunuliwa, mdomo umefungwa, mabega yametulia. Neno lilikuwepo. Lilikuwa limejaa mdomoni kote, nikalishika kama alivyokuwa akiishika misumari yake.

"Simwambii," nikasema. "Mie si mgeni."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba msiba umeniingia kichwani. Mama yule wa msikitini akataka kunieleza tena, polepole, lakini shangazi yangu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, alikuwa amekwisha kuanza kucheka.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni, yupo kwao huyo."

Kisha wanaume wakaingia, wakambeba. Kwa desturi yetu wanawake hawaendi makaburini. Tunaishia mlangoni. Nilisimama hapo nikasikia sauti zao zikipita msikitini, zikipita kwenye genge, zikielekea kwenye transfoma, mpaka sikuzisikia tena. Nilimsindikiza baba yangu jioni nyingi sana, na siku ile moja nilibaki.

Makochi yalikuwa yametolewa nje kupisha mikeka, na watu waliokuja msibani walikuwa wameyakalia, kwenye ukingo, mikono magotini. Niliwatazama. Kisha nikajifunga kanga yangu vizuri, nikaenda nikawapitia mmoja mmoja, nikawashika mikono, nikawaambia asanteni.